Aliyeiba Cherehani

Ninafundisha Kiswahili kwa watu wazima katika mtaa wa Atlabara, Juba, karibu na chuo kikuu, katika chumba ambacho Jumapili ni kanisa na Jumamosi ni ukumbi wa harusi. Wanafunzi wangu ni makarani wa serikali, wauguzi, madereva wa malori, na mzee mmoja aliyestaafu jeshini ambaye huja na kiti chake mwenyewe. Muda unaobaki naandika riwaya fupi za upelelezi. Mpaka sasa nimemaliza saba. Zinatolewa kopi kwenye duka la karatasi nje ya lango la chuo, na mashine ya pale ina tabia ya kufifisha ukurasa wa mwisho, jambo ambalo kwa hadithi za aina hii ni hasara.

Mwaka jana yule mzee alimaliza kusoma ya tano, akairudisha mezani kwangu na kuniuliza mbele ya darasa zima:

"Mwalimu, hapa kwetu watu wamekufa wa kutosha. Kwa nini unaongeza wengine?"

Nikamjibu kwamba ni kwa ajili ya sarufi. Darasa likacheka, naye akarudi kwenye kiti chake bila kuridhika.

Lakini sikumdanganya sana. Hadithi yangu ya kwanza kweli ilikuwa zoezi. Nilitaka wanafunzi wazoee maneno kama "aliyeiba", "aliyeibiwa", "aliyeona akanyamaza". Nikagundua kwamba Kiswahili kimeumbwa kumficha mhalifu. Unasema "aliingia, akafungua, akabeba", na msomaji hajui kama ni mwanamume au mwanamke, kijana au kikongwe. Ile "a" inamfunika mtu mzima kama shuka. Unaweza kumfunika hivyo mpaka ukurasa wa mwisho, na hakuna atakayekulaumu.

Hilo ndilo jibu ninalowapa watu. Lile jingine sijawahi kumpa mtu, kwa sababu linamhusu mama yangu.

Tulirudi kutoka Kenya mimi na yeye tu, baba tulimwacha huko kaburini. Tukapanga katika ua mmoja wa mtaa wa Gudele wenye vyumba vinne na bomba moja. Mama alikuwa amekaa uhamishoni miaka mingi akiwa na orodha kichwani ya watu atakaowatembelea akirudi. Alipofika Juba alianza kuwatafuta mmoja baada ya mwingine. Wengine walikuwa wamekufa, wengine walikuwa Khartoum, na wawili hawakumkumbuka. Orodha ilimchukua wiki mbili. Baada ya hapo akawa anafagia ua ambao tayari alikuwa ameufagia.

Chumba cha pili alikaa fundi cherehani, mwanamke Mganda kutoka Arua, wa rika la mama. Alishona sare za shule na magauni ya kanisani kwa cherehani ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyokwisha kufutika. Saa nne kila asubuhi alisimamisha kazi, na yeye na mama wakanywa chai chini ya rakuba, kile kibanda chetu cha matete cha kupumzikia kivulini. Waliongea Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake hakijui.

"Unasema 'cherehani yangu'," mama alimwambia siku moja. "Si 'cherehani wangu'."

"Wewe nasikia maana ama hapana?"

"Nasikia."

"Basi kunywa chai."

Walikaa hivyo karibu miaka mitatu. Sijawahi kuona watu wawili wanaosahihishana namna ile wakapendana namna ile.

Asubuhi moja fundi alitangaza kwamba anarudi kwao. Mimi nilikuwa mlangoni nasahihisha madaftari.

"Mimi iko nakwenda Arua mwisho wa mwezi," alisema. "Dada yangu amezeeka. Nitashona huko. Hapana kurudi tena."

Mama akasema, "Vizuri." Kisha akamwomba kikombe akakioshe, ingawa chai ilikuwa bado imo.

Jumapili iliyofuata wote tulikwenda kanisani isipokuwa watu wawili. Wa kwanza alikuwa mpangaji wa chumba cha tatu, fundi wa jenereta, mtu wa umri wangu aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Uganda. Alikuwa ametengeneza jenereta ya hospitali moja tangu Ijumaa bila kulala, na sasa alikuwa analala. Wa pili alikuwa mama. Alisema goti linamuuma. Mama yangu hakuwahi kukosa kanisa kwa sababu ya goti, malaria wala vita. Kama ningeliandika jambo hilo kwenye riwaya, msomaji angenikamata ukurasa wa pili. Mimi nililipita kama lilivyo, nikaenda kuimba.

Tuliporudi, mlango wa fundi cherehani ulikuwa wazi. Kufuli lilikuwa linaning'inia, halijavunjwa. Ufunguo aliuweka siku zote juu ya fremu ya mlango, na hilo tulilijua sote, na mbuzi wa jirani labda alilijua pia. Cherehani haikuwepo. Fundi aliketi kwenye kigoda chake mbele ya meza tupu, akaweka mikono mahali mashine inapokaa.

"Sasa mimi narudi Arua kufanya nini?" alisema. "Nitakaa tu kama mzigo?"

Mama alimkumbatia. "Basi usiende. Ngoja kwanza mpaka ipatikane."

Jumatatu alikuja askari mmoja kwa miguu. Aliomba kiti, akaomba maji, kisha akauliza ni nani hakwenda kanisani. Mama akajibu bila kusita: "Mimi, na huyu wa jenereta." Askari alimtazama mama, mjane wa miaka sitini na kitu mwenye rozari shingoni. Kisha akamwita yule mwingine.

"Onyesha mikono. Hii ni mafuta ya nini?"

"Ya jenereta. Ndiyo kazi yangu."

"Mashine ya kushona nayo ina mafuta?"

"Inayo, lakini..."

"Kalas," askari alisema, neno ambalo hapa mjini humaanisha kwamba mambo yamekwisha, hata kama hayajaanza. Akasimama na kuondoka naye.

Sikuingilia kati. Nakumbuka nilifikiri kwamba hoja ya askari ilikuwa mbaya, hasa kimantiki, na kwamba siku moja ningeweza kuitumia darasani.

Goti la mama lilipona siku hiyohiyo. Tangu Jumatatu mchana alianza kumpikia mfungwa na kumpelekea mwenyewe kwa miguu mpaka kituoni, kisra na mchuzi wa nyama. Kisra ni ule mkate wetu mwembamba wa mtama, na mama aliumimina kwenye kaango vizuri kuliko mtu yeyote niliyemjua. Lakini nyama hatukuwa tunakula katikati ya wiki. Majirani walimsifu. Mimi pia nilimsifu.

Jumanne kisra yetu ilikuwa na ladha ya ajabu. Jumatano ladha ilizidi. Nilimwambia mama kwamba wenye kinu cha kusaga wanachanganya unga na kitu. Alisema atawasemesha.

Alhamisi mchana alipokwenda kituoni, nikataka kujipikia uji. Unga wa mtama tuliuweka kwenye pipa la plastiki la buluu nyuma ya mlango. Nikaingiza kopo, likagonga chuma. Nikaingiza mkono. Chini ya unga kulikuwa na kitenge, na ndani ya kitenge kulikuwa na gurudumu dogo lenye mpini, ambalo nilikuwa nimelisikia likizungushwa kila siku kwa miaka mitatu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nakila mwenyewe, tangu Jumanne.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote. Nilirudisha unga juu ya mashine, nikausawazisha kwa kiganja ili alama ya mkono wangu isionekane. Hakuna mtu aliyeniambia nifanye hivyo. Mikono yangu ilifanya kazi ya mwizi wa siku nyingi. Kisha nikakaa kitandani nikiwa na unga mpaka kwenye kiwiko, nikimsubiri mama.

Alirudi, akaweka bakuli chini, akavua viatu.

"Mama, kuna kitu ndani ya pipa."

"Kuna unga."

"Chini ya unga."

"Chini ya unga kuna pipa."

Niliinua mkono wenye unga. Akautazama.

"Umekula?" aliuliza.

"Nakula tangu Jumanne. Chakula kina ladha ya mafuta."

"Niliifunga na kitenge," alisema. "Nilidhani kitenge kitatosha."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, karibu yangu. Nilitaka kukasirika lakini sikujua nianzie wapi. Nilimwuliza kwa nini.

"Ataondoka."

"Ana haki ya kuondoka, Mama."

"Sikusema hana haki. Nimesema ataondoka." Alikunja kitambaa cha bakuli mara nne, akakikunjua. "Nimefikiri hivi: mtu hawezi kwenda bila kazi yake. Nitamkalisha miezi miwili, mitatu, halafu nitaipata mahali. Nitasema nimeiota."

"Na yule aliyefungwa?"

"Nampelekea nyama."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupiga hesabu zote za dhambi na malipo, akaona zinalingana. Kisha akaanza kulia, na sikuwahi kumwona akilia, hata kule Kenya kaburini kwa baba.

Njia ya kweli ilikuwa fupi. Ningekwenda kituoni na kusema. Lakini mama angeingia mahali pale alipotoka mwingine, na fundi angejua kwamba rafiki yake wa chai ndiye aliyemwibia. Kwa hiyo nikaamua kutunga. Ilinichukua mchana wote wa Alhamisi na sehemu ya Ijumaa, kwa sababu nilitaka isiwe na tundu. Nyuma ya ua wetu kulikuwa na nyumba isiyokamilika, kuta bila paa. Ijumaa asubuhi, mama alipompeleka fundi sokoni, niliibeba cherehani ndani ya gunia nikaiweka kwenye kona ya ukuta, nikaifunika kwa mabati. Waliporudi, nikasema nimemwona paka akiingia kule na samaki wetu. Tukamfuata paka ambaye hakuwepo, tukaipata mashine.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kubuni. Ilikuwa na wasikilizaji wawili, na mmoja wao alijua mwisho.

Fundi alipiga kelele ya furaha, akaifuta, akafungua kifuniko cha chini.

"Lakini kwa nini iko na unga?"

Sikuwa nimefikiria unga. Nilijiona mjinga kama wahalifu wote ninaowatunga sasa, ambao husahau kitu kimoja.

"Labda mwizi ni mwoka mikate," nilisema.

Askari alipokuja aliandika hilo kwenye daftari lake, "mwoka mikate", akapiga mstari chini yake. Kwa wiki nzima niliwaogopea waoka mikate wote wa Gudele. Nashukuru Mungu hakuwafuata. Alisema mfungwa hawezi kutoka siku hiyo kwa sababu anayeshika mhuri haji Ijumaa. Fundi wa jenereta akatoka Jumamosi.

Alioga, akamsalimia kila mmoja, akamshukuru mama kwa chakula. Hakuna aliyemwomba radhi, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba yeye ndiye aliyemkosea. Lakini alipopita, watu waliokuwa wameanika nguo waliziangalia nguo zao. Baada ya wiki tatu alifunga vifaa vyake akahamia mtaa wa Mangateen.

Fundi cherehani alikwenda Arua mwisho wa mwezi kama alivyosema. Mama alimsindikiza mpaka kituo cha mabasi na kubeba mashine kichwani njia nzima, akakataa kupokewa. Sijui kama alimwambia. Ninachojua ni kwamba juma lililofuata, saa nne asubuhi, simu ya mama iliita, naye akatoka na kikombe chake akakaa chini ya rakuba. Mpaka leo wanakunywa chai hivyo, mmoja Arua na mmoja Juba, wakisahihishana. Simu walikuwa nazo wote wawili tangu mwanzo. Wazo hilo halikuwajia.

Mimi mama aliniadhibu kwa kuirudisha mashine, akaninyamazia mwezi mmoja. Aliniwekea chakula, akaondoka.

Huko nje nilipata sifa. Kwa sababu nilikuwa nimeipata cherehani, watu wa mtaa waliamua kwamba nina kipaji. Walianza kuja: mama mmoja aliyepotelewa na mbuzi, mzee ambaye simu yake ilichukuliwa kwenye matanga, msichana aliyetaka kujua ni nani aliyemwandikia mchumba wake barua ya uongo. Niliwakalisha, nikawasikiliza, nikawauliza maswali kwa uso wa mtu anayejua. Sikupata jibu hata la kesi moja. Walirudi hata hivyo. Yule mwenye mbuzi alinunua mbuzi mwingine, na bado alirudi. Alitaka kuambiwa ni nani na kwa sababu gani, na asidhaniwe kwamba yeye ndiye mzembe. Sikuwa na la kumwambia, nikaanza kuandika hadithi ambazo ndani yake mtu huambiwa.

Ndani ya vitabu vyangu aliyetenda husimama mbele ya wote na kusema. Aliyesingiziwa huwa yupo pale, anasikia. Hakuna unga usioelezeka. Watu hudhani sisi tunaoandika mambo haya tunapenda damu. Mimi damu inanitia kichefuchefu, na maiti zangu zote hukutwa zimekwisha kufunikwa. Ninachokipenda ni kile chumba cha mwisho ambamo mtu anasema "ni mimi". Sijawahi kukiona Gudele.

Mama ndiye mtu pekee ninayemsomea, na ni msikilizaji mbaya. Humjua mhalifu kabla ya sura ya tatu na hunikatiza.

"Huyu mpwa wake ndiye aliyeua," alisema nilipokuwa namsomea ya pili. "Kwa nini ameua?"

"Kwa ajili ya shamba."

"Shamba gani? Umeandika hapa ni la mawe." Alitikisa kichwa. "Mtu haui mjomba wake kwa mawe. Umwulize anaogopa nini."

Nikabadilisha sura mbili. Hadithi ikawa bora, na sikumwambia.

Miezi michache iliyopita, siku ya kuandikisha wanafunzi wapya, aliingia fundi wa jenereta. Alikuwa amenenepa kidogo na ana mvi. Kampuni anayofanyia kazi ilikuwa na wakubwa kutoka Kenya, na alitaka Kiswahili chake cha kambini kinyooshwe. Tulisalimiana kwa furaha, labda kwa kelele zaidi ya ile iliyohitajika. Baada ya kipindi alibaki, akatoa begini riwaya yangu ya tano, ile ambayo mtu mmoja anafungwa bure.

"Nimesoma hii," alisema. "Huyu mfungwa wako anaongea sana. Anataja haki, anataja Mungu. Mtu aliye ndani hasemi hayo. Anauliza chakula kitakuja saa ngapi."

Nilifunga mlango. Nilikuwa nimeandika tukio la kukiri mara saba, kwa majina tofauti, na kila mara mhusika wangu alisema kwa ufasaha. Mimi nilisema, "Ile cherehani..." nikakwama.

"Ni mama yako," alisema.

Nilimtazama.

"Mimi nilijua siku ya tatu. Mtu hana kosa na wewe, hakuletei nyama kila siku. Halafu kisra ilikuwa na mafuta. Mimi ni fundi, mafuta nayajua. Yale si ya jenereta, ya jenereta ni mazito. Yale ni mepesi, ya cherehani." Alisema yote hayo taratibu, kama anayemweleza mteja ubovu wa mashine yake.

"Kwa nini hukumwambia askari?"

"Nikimwambia, mimi natoka, mama mzee anaingia. Nani atamletea yeye chakula? Wewe hujui kupika." Alirudisha kitabu begini. "Nikasema, watachoka wataniachia. Mama yako sina neno naye. Alikuwa anakaa pale nje mpaka namaliza kula, anatazama chini. Nilimsamehe mle mle ndani."

Nilimwambia naomba anisamehe na mimi. Alifunga zipu ya begi.

"Wewe ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Saa ngapi?"

"Mchana."

"Mimi nilitoka Jumamosi."

"Aliyekuwa na mhuri hakuwepo Ijumaa."

"Hiyo ni Ijumaa. Nauliza Alhamisi."

Nilimwambia kwamba Alhamisi nilikuwa natunga namna ya kuipata mashine. Kwamba nilitaka hadithi isiwe na tundu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeona nati iliyolegea.

"Sawa," alisema. "Hiyo ya Alhamisi bado."

Hajaacha darasa. Anakaa mstari wa pili, anaandika kwa herufi kubwa, na ngeli zinamsumbua. Kila kipindi kikiisha ananishika mkono na kuaga kwa heshima. Neno lile hajalirudia, na mimi sijamwuliza. Niko kwenye riwaya ya nane. Mpelelezi wangu amekwisha kumjua mwizi, ni Alhamisi mchana, na kuna mtu ndani anayesubiri. Nimekaa naye kwenye ukurasa huo wiki ya sita sasa. Asubuhi hii mama alipita nyuma yangu na kikombe chake, akasoma juu ya bega langu, akasema, "Mwambie aende sasa hivi," akatoka nje kupokea simu.